Kodi au nota? Mkono wa kushoto ndio utaamua kinanda kitakufikisha wapi

Umejinunulia kinanda. Labda ni kile cha vibonyezo 61 ulichotoa Luthuli Avenue baada ya kuvutana bei nusu siku. Labda ni cha mtumba, kibonyezo kimoja kimekufa lakini unakipenda hivyo hivyo. Labda hata si chako, ni cha kanisa, na unaruhusiwa kukigusa ibada ya pili ikiisha. Mkono wa kulia haukukusumbua sana. Ndani ya wiki moja ulikuwa unaitafuta melodi ya wimbo unaoupenda na kuipata, nota moja baada ya nyingine. Kisha ukafika pale ambapo karibu kila anayeanza hukwama: mkono wa kushoto ufanye nini?

Ukiuliza watu wawili utapata majibu matatu. Jamaa anayepiga kinanda kanisani atakwambia, "Shika kodi tu, hayo mambo ya karatasi ni ya wazungu." Mwalimu wa piano atakwambia usome klefu zote mbili kuanzia siku ya kwanza, la sivyo utazoea vibaya. Na YouTube itakuahidi nyimbo mia moja kwa kodi nne kabla bando halijaisha.

Huu si ubishi wa bure. Ni pesa za masomo unazotuma kwa M-Pesa kila wiki, ni jioni zako baada ya kazi, na kwa vijana wengi mtaani ni riziki kabisa: harusi, mazishi, ibada, studio. Kwa hivyo niseme msimamo wangu mapema. Anza na kodi, bila aibu. Lakini anza kusoma mapema kuliko unavyotaka, na usikubali mkono wako wa kushoto uishie kwenye kodi nne maisha yako yote.

Kodi ni nini hasa

Tuelewane kwanza. Kodi hapa si ile ya KRA wala ya landilodi. Ni nota tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja. Kodi ya C ni C, E na G. Ya F ni F, A na C. Ya G ni G, B na D. Ongeza A maina, yaani A, C na E, na tayari una malighafi ya nyimbo nyingi sana za sifa, za pop na za harusi.

Huna haja ya kukariri kila moja kama shairi la shule. Kuna hesabu. Kwa kodi ya meja, toka nota ya kwanza uhesabu vibonyezo vinne, vyeupe na vyeusi vyote, ufike ya pili. Kisha hesabu vitatu ufike ya tatu. Kwa kodi ya maina, geuza: vitatu kwanza, halafu vinne. Jaribu popote kwenye kinanda, hesabu haibadiliki.

Wengi hukosea kitu kimoja hapa. Wanatoka C kwenda F kwa kuuruka mkono mzima, wanatua pabaya, wimbo unakatika. Dawa ni kuzigeuza kodi ili mkono ukae mahali pamoja. Weka kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye C, cha kati kwenye E, gumba kwenye G. Ukitaka F, C usiiguse: E inapanda hadi F, G inapanda hadi A. Una C, F, A, na hiyo ni kodi ya F ile ile, imepangwa tu tofauti. Ukitaka G kutoka C, acha gumba kwenye G, kisha C ishuke hadi B na E ishuke hadi D. Ukitaka A maina ni rahisi hata zaidi, kwa sababu kidole gumba tu ndicho kinachohama, kutoka G hadi A. Fanya mzunguko huo polepole jioni tatu nne na utaona mkono umeacha kurukaruka kama matatu kwenye matuta.

Faida ya kuanza hivi ni kubwa. Unacheza wimbo mzima mapema, na mtu anayecheza wimbo mzima hurudi kesho kwenye kinanda. Anayecheza zoezi la nota nne kwa wiki sita huanza kukitumia kinanda kuanikia nguo.

Pili, kodi zinafundisha masikio. Ukikaa karibu na wanamuziki wa kanisa utawasikia wakiitana kwa namba: "Moja, tano, sita, nne!" Moja ni kodi ya nota ya kwanza ya skeli, nne ni ya nota ya nne, na kadhalika. Kwenye ufunguo wa C, moja ni C, nne ni F, tano ni G, sita ni A maina. Mwimbaji akipandisha wimbo hadi D, namba hazibadiliki, unahama tu: moja inakuwa D, nne G, tano A, sita B maina. Huo ni ujuzi halisi wa muziki, hata kama hakuna karatasi mbele yako.

Mahali ambapo kodi zinaishia

Sasa tuje kwa upande ambao jamaa wa "shika kodi tu" hawakuambii.

Kodi iliyobanwa pamoja upande wa chini kabisa wa kinanda haisikiki vizuri. Nota za chini zikikaribiana sana sauti zake zinavurugana, unasikia ngurumo badala ya kodi. Na kama bendi ina mpiga gitaa la besi, mkono wako wa kushoto unamkanyaga kila baada ya mapigo manne. Mpiga kinanda anayejua kodi za kubana peke yake huwa hana jibu hapo, zaidi ya kupunguza sauti.

Kisha kuna kile kitufe cha kuhamisha ufunguo. Unakijua. Unabonyeza mara tatu, unaendelea kucheza vidole vyako kwenye C, kinanda chenyewe kinatoa E flati. Kwa dharura ni sawa. Lakini mpiga gitaa anayetazama mikono yako ili ajue kodi utampotosha, na siku utakayokalishwa mbele ya piano halisi ya mbao, hakuna kitufe. Upo wewe na vibonyezo 88 na mwimbaji anayekungoja.

Lakini kikomo kikubwa zaidi ni hiki: ukijua kodi na sikio peke yake, unacheza kile ulichowahi kukisikia. Rafiki yangu mmoja wa Umoja ni hatari kwenye kinanda. Mpe wimbo wowote, aucheze kabla haujaisha kwenye simu. Siku moja akaitwa kusindikiza kwaya kwenye harusi, malipo mazuri tu. Kufika mazoezini, mwalimu wa kwaya akamwekea karatasi mbele, wimbo mpya uliotungwa kwa ajili ya maharusi wenyewe.

"Mwalimu, niimbie kwanza nisikie," jamaa akasema.

"Kijana, wimbo haujawahi kuimbwa. Ndio uko hapo kwenye karatasi."

Kazi ikaenda kwa mwingine. Hakuwa hodari kumshinda, alikuwa tu anaweza kusoma mistari kumi.

Klefu mbili si lugha mbili

Nota huandikwa kwenye mistari mitano. Alama inayokaa mwanzoni mwa mistari ndiyo klefu, na kazi yake ni kukuambia mistari hiyo inaitwaje. Klefu ya trebo, ile iliyojikunja kama mzabibu, inazunguka mstari wa pili kutoka chini na kukwambia: hapa ni G. Kwa kawaida ndiyo ya mkono wa kulia. Klefu ya besi, inayofanana na sikio lenye nukta mbili pembeni, inaweka nukta zake juu na chini ya mstari wa nne na kukwambia: hapa ni F. Hiyo ni ya mkono wa kushoto.

Watu huchukia klefu ya besi kwa sababu hujifunza trebo peke yake miezi sita, halafu wanagundua kwamba mstari wa chini kabisa waliozoea kuuita E, kwenye besi unaitwa G. Wanahisi wamedanganywa. Kila nota imesogea herufi mbili.

Lakini itazame hivi. Chora mistari mitano ya juu na mitano ya chini, kisha katikati yake kamstari kamoja kafupi. Hako ndiko ka C ya kati, ile iliyo karibu na katikati ya kinanda chako. Inakaa kamstari kamoja chini ya trebo na kamstari kamoja juu ya besi. Ni nota ile ile, kibonyezo kile kile. Kwa maneno mengine una ngazi moja ya mistari 11, na klefu mbili zinaonyesha tu uko ghorofa gani. Ukijifunza zote mbili pamoja kutoka hapo katikati kwenda nje, shida nusu inaisha.

Shika alama tatu kwanza: C ya kati, G ya trebo, F ya besi. Ukipotea, hesabu kutoka iliyo karibu. Kisha ongeza C ya nafasi ya tatu kwenye trebo na C ya nafasi ya pili kwenye besi. Kwa alama tano hivyo hauko mbali na nota yoyote.

Na kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kwenye karatasi mkono wa kushoto unafanya mambo ambayo kodi haziwezi kukufundisha peke yake. Unatembea hatua kwa hatua. Unavunja kodi, nota moja moja. Unashika nota moja ya chini huku mkono wa kulia ukibadilika. Wakati mwingine unaimba melodi na mkono wa kulia ndio unaosindikiza. Unakutana na mawazo ya watu wengine kuhusu mkono wa kushoto, na mengine yanabaki vidoleni mwako hata ukifunga kitabu.

Nisiwapake mafuta wasomaji wa nota pia. Yuko dada mmoja ninayemjua aliyepita mitihani ya piano hadi gredi ya tano. Mbele ya karatasi, safi. Mchungaji alipoanzisha pambio ghafla, bila kutangaza ufunguo wala kungoja mtu, dada alikunja mikono akaweka mapajani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile nota alizosoma miaka yote zilikuwa kodi hizi hizi za moja, nne, tano, zimevaa suti.

Hata wakubwa walikuwa wanachanganya

Ukidhani kodi ni njia ya mkato iliyoletwa na YouTube, rudi nyuma hadi Ulaya ya enzi za Johann Sebastian Bach, aliyeishi kati ya 1685 na 1750. Wakati huo mpiga kinanda katika kundi la muziki mara nyingi alipewa mstari mmoja tu wa besi wenye tarakimu. Mkono wa kushoto ulisoma mstari huo, tarakimu zikamwambia ni kodi gani, na mkono wa kulia ukaijaza papo hapo kwa akili yake. Kusoma na kodi, pamoja, kwenye benchi moja.

Wapo waliofika mbali bila kusoma kabisa. Erroll Garner, mpiga piano wa jazz kutoka Pittsburgh, Marekani, hakusoma nota, na ndiye aliyetunga "Misty", wimbo ambao wapiga jazz duniani wanaucheza hadi leo. Watu humtaja sana wakitaka kukwepa karatasi. Wanasahau mambo mawili: mkono wake wa kushoto ulikuwa wa ajabu, na ilibidi mtu mwingine aandike wimbo huo ndipo uingie vitabuni.

Na hapa nyumbani tuna mfano unaousikia kila likizo ya kitaifa. Wimbo wetu wa Taifa ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, kutoka kandokando ya Mto Tana. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ndilo lililoutengeneza ukawa wimbo wa taifa. Melodi ilitoka kwa watu waliorithishana kwa masikio. Lakini mwanariadha wetu anapopanda jukwaani ng'ambo kuvishwa dhahabu, wanamuziki wa nchi ambao hawajawahi kuona Tana wanaweza kuucheza kwa sababu upo kwenye karatasi. Sikio liliuzaa wimbo, nota zikaupa pasipoti.

Kama uliimba kwaya, umeshaanza

Kuna kitu wengi wetu tunakibeba bila kujua thamani yake. Kama uliimba kwaya shuleni au kanisani, unajua do, re, mi. Solfa hiyo, iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kusafirishwa na wamishonari, ni namba zile zile za wanamuziki wa kanisa. Do ni moja, fa ni nne, so ni tano, la ni sita.

Kwa hivyo fanya hivi: tafuta karatasi ya solfa ya wimbo wa sauti nne unaoufahamu. Usiangalie soprano. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wa besi na uucheze kwa mkono wa kushoto, nota moja moja, huku ukiimba melodi mwenyewe. Utasikia jambo zuri: mkono wa kushoto unaongea. Haupigi tu misumari ya kodi. Hiyo ndiyo njia nyepesi ninayoijua ya kutoka kwenye kodi kuelekea kwenye klefu ya besi, na haikugharimu hata shilingi.

Mpango wa miezi sita

*Mwezi wa kwanza.* Kodi nne kwenye ufunguo wa C, zilizogeuzwa kama nilivyoeleza, mpaka uzibadilishe bila kutazama. Kwa dakika tano kila siku, kabla hujachoka, soma melodi rahisi kwenye klefu ya trebo. Dakika tano tu, lakini kila siku.

*Mwezi wa pili na wa tatu.* Tumia karatasi zilizo na melodi kwenye trebo na majina ya kodi juu yake. Mkono wa kulia unasoma, wa kushoto unashika kodi. Hamia ufunguo wa G na wa F bila kugusa kile kitufe. Wakati huo huo anza klefu ya besi kwa nota moja moja: nota ya msingi ya kila kodi, iandike na uisome.

*Mwezi wa nne hadi wa sita.* Vipande vifupi vya klefu zote mbili, virahisi kiasi cha kukuchosha. Cheza kila mkono peke yake, kisha pamoja, polepole. Na kila kipande ukimaliza, jiulize: hapa mkono wa kushoto umevunja kodi gani? Andika jina lake juu kwa penseli. Siku utakayoanza kuona kodi ndani ya nota, ule ubishi wote utakuwa umekwisha kwako.

Uzito wa kila upande utategemea unakokwenda. Unataka kupiga kanisani au kwenye bendi? Weka nguvu zaidi kwenye kodi na namba, na uzijue kwenye funguo zote 12. Unatengeneza biti kwenye laptop? Kodi na kuzigeuza kutakubeba mbali, kusoma kutakusaidia siku ukitaka wapiga vyombo halisi. Unalenga mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanza 1889 na ambayo mitihani yake hufanywa hapa Kenya? Klefu mbili si hiari. Mtihani wake wa kawaida wa piano una sehemu ya kusoma papo hapo, na huwezi kuingia gredi ya sita bila kuonyesha nadharia ya muziki, ambayo kwa wengi huwa ni ule mtihani wa gredi ya tano. Unataka kusomea muziki chuoni au kufundisha? Jibu ni hilo hilo.

Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo usidhani nakuuzia vyeti. Ninachokuuzia ni milango. Mwalimu akikukataza kodi kabisa, muulize kwa heshima kwa nini. Akikukataza kusoma, muulize pia, na usimtumie pesa ya wiki ijayo mpaka akujibu.

Leo jioni, kabla ya kufungua simu, weka kidole kidogo cha kushoto kwenye C. C, E, G. Sogeza gumba hadi A. Hiyo ni A maina. Sasa chukua karatasi, chora mistari mitano, uweke klefu ya besi, na uandike nota tatu ulizotoka kuzipiga. C ndiyo nafasi ya pili, E ndiyo nafasi ya tatu, A ndiyo mstari wa juu kabisa. Umecheza kodi na umesoma besi, siku moja, mkono mmoja. Kesho fanya F.